Naomba ushauri: kuwafundisha wakutubi kutafuta makala kwenye hifadhidata

Assalaam aleikum ndugu zangu. Niko Lamu, nimepewa jukumu la kuwafundisha wakutubi wenzangu, wengine wakubwa zangu kiumri, kutafuta makala kwenye PubMed (hifadhidata ya makala za tiba na sayansi ya viumbe) na AJOL (ya majarida ya kitaaluma ya Afrika).

Kompyuta wanazijua. Shida ni kwamba huandika swali zima kama wanavyomuuliza mtu, na matokeo yakaja matupu au maelfu yasiyohusika. Nimewaonyesha AND na OR za kuunganisha maneno ya utafutaji, alama za nukuu, na nyota inayofanya mosquito* ilete umoja na wingi. Darasani wanaelewa, msomaji akija na swali lake, wanarudi palepale. Naona kinachokwama ni kulivunja swali vipande na kukitafutia kila kipande majina yake mengine, tena kwa Kiingereza ilhali msomaji kauliza kwa Kiswahili. Juzi mtu aliulizia mikoko. Hakuna aliyefikiria kuandika mangrove* OR Rhizophora (jina la kisayansi la kundi mojawapo la mikoko). Inaniuma, maana msomaji aliondoka mikono mitupu na makala zipo.

Waliowahi kufundisha: ni zoezi gani liliwasaidia watu kuvunja swali kabla ya kugusa kibodi? Na kwa PubMed, niwaingize kwenye MeSH (orodha ya maneno rasmi ya mada yanayotumika kupanga makala) mapema, au wakomae kwanza na maneno ya kawaida?