Nimeumbuka kaunta na kuponi yangu, nimekosea wapi?

MgeniWaOhio
Wadau habari za saa hizi. Niko Columbus, Ohio, huku Marekani, mwezi wa tano sasa. Jana nimekata kuponi ya shampoo gazetini, kile kikaratasi cha kupunguziwa bei, dola 2, nikaingia dukani kifua mbele. Kufika kaunta mashine ikalia, yule dada akaigeuza karatasi, akatikisa kichwa. Foleni nyuma inaguna, mimi nimekumbatia chupa kama mwizi. Nikalipa bei kamili nikaondoka. Na zile programu za kurudishiwa hela ukipiga picha risiti, ni kweli au tunapigwa?

BiKapu
Pole mdogo wangu. Soma yale maandishi ya sisimizi pale chini, utakuta ukubwa wa chupa. Mimi natembea na miwani kwa ajili hiyo tu, msinicheke.

Halafu kuna kuponi ya kiwanda na ya duka. Ya kiwanda imeandikwa juu "manufacturer coupon", na bidhaa moja inapokea moja tu, iwe ya karatasi au ya kwenye simu. Ya duka, maduka mengi yanakuachia uiongeze hapo hapo. Juzi dawa ya meno ilishushwa toka dola 4 hadi 3. Ya kiwanda ikala dola 1, ya duka senti 50, nikapiga picha risiti kwenye Ibotta, moja ya hizo programu unazouliza, wakanirudishia senti 50. Dola 1 dawa ya meno! Si utapeli, ila bonyeza ofa humo kwenye programu kabla hujaenda dukani, na hela hutoi mpaka zifike dola 20.

ZamuYaUsiku
Bi Kapu mwambie na upande wa pili. Kuponi za chakula nyingi ni za vitu vya boksi. Ya mchicha au unga wa ugali sijawahi kuiona. Mimi nina chupa 9 za sosi ya nyama choma kabatini, na jiko la mkaa sina. Siku hizi chakula nanunua duka la Aldi, kuponi za kiwanda hawapokei lakini bei zao ziko chini. Kuponi nimeziachia sabuni na pampasi.

MgeniWaOhio
Ile kuponi nimeitoa kwenye pipa la taka nikaisoma. Chupa ya aunsi 12 kwenda juu, yangu ni ya 10 😩 Inaisha Jumamosi. Chupa niliyofungua watakubali niirudishe?

BiKapu
Nywele si umeshaosha? Ipanguse uchafu hiyo kuponi, kesho kachukue chupa kubwa.