Likizo ndefu: Sabasaba, tuisheni au kubeba mizigo mlimani?

Kinda_la_Moshi
Wakuu, wanaostahili shikamoo, wengine mambo. Nipo mwaka wa kwanza hapa Dar. UE (mtihani wa chuo) yangu ya mwisho ni 11 Julai, chuo kinafunguliwa mwishoni mwa Oktoba, na bumu, yaani hela ya mkopo wa wanafunzi, likizo haliingii. Nataka laptop iliyotumika na nyumbani sitaki kuomba. Njia ninazoziona ni tatu: nisimame kwenye banda maonyesho ya biashara ya Sabasaba, nifungue tuisheni nyumbani Moshi, au nipande Mlima Kilimanjaro na wapagazi, niwabebee wageni mizigo. Mliopita huko nipeni uzoefu, na hela mzitaje kabisa.

Mzee_wa_Banda
Kijana, anza na tarehe. Sabasaba inaanza 28 Juni, inafungwa 13 Julai. Wewe unatoka kwenye mtihani 11. Nani atakuchukua kwa siku mbili? Mimi nilisimama pale mwaka juzi nikigawa vipeperushi kwa 15,000 kwa siku, nauli juu yangu, chakula juu yangu, na hela yenyewe niliiona Septemba baada ya kupiga simu mpaka wakanifungia namba. Kama mabanda umeyapenda sana, Nane Nane ya kanda ya kaskazini iko Njiro, Arusha, jirani na kwenu. Ila ni siku chache, laptop hupati.

Ticha_wa_Uani
Tuisheni, na msimu wenyewe ndio huu. Darasa la saba wana mtihani Septemba, kidato cha pili na cha nne Novemba. Ikifika Julai wazazi wameshaanza kuhangaika. Nilianza na watoto watatu wa jirani, uani kwa shangazi, ubao wa kuazima. Nikamaliza na 14, kila mmoja 20,000 kwa mwezi. Usizidishe haraka haraka ukafurahi. Wanne hawajalipa hadi leo, na mama mmoja alinilipa mkungu wa ndizi (sikukataa, ulikuwa mkubwa).

Kitu ambacho wengi hawakioni: darasa la saba wakimaliza mtihani, usifunge. Hao hao wageuze kuwa pre form one, yaani masomo ya kujiandaa na kidato cha kwanza. Wengi wamesoma msingi kwa Kiswahili, sekondari wanakutana na Kiingereza karibu kila somo, na wazazi wanaliogopa hilo kuliko mtihani. Hela yangu nzuri ilikuwa ya Septemba na Oktoba, si ya Julai.

Popo_wa_Mabibo
Mimi nilitaka kukusanya data na tableti vijijini. Wakaniomba 30,000 ya fomu kwanza. Kazi sikuiona, na 30,000 sikuiona tena.

Mgongo_Chuma
Mlima unalipa haraka kuliko vyote hivyo. Kuanzia Julai hadi Oktoba ni kiangazi, wageni wamejaa. Mwaka jana nilipanda mara nne njia ya Machame. Safari ya siku 7 kwa 20,000 kwa siku, ukiweka na bakshishi, ilinifikisha 210,000.

Sasa sikia ya upande wa pili. Kampuni moja ilinipa 10,000 kwa siku, eti nyingine nitegemee bakshishi. Mzigo unapimwa geti la hifadhi, mwisho kilo 20, lakini ukiubeba siku nzima kwa miguu, hizo 20 zinazaa nyingine. Buti na begi la kulalia nilikodi. Kambi ya Barafu ipo zaidi ya mita 4,600, kichwa kinagonga kama kuna fundi bati ndani, na asubuhi lazima uamke uchote maji. Na usiende getini kubahatisha! Asipokuwepo mwongozaji au mpishi anayekujua, utakaa wiki nzima unakula maandazi tu. Una mtu?

Kinda_la_Moshi
Nina mjomba, ni mpishi njia ya Marangu. Mama ndiye hataki kusikia.

Mgongo_Chuma
Marangu inamfaa anayeanza. Watu wanalala kwenye vibanda, kwa hiyo hakuna mahema ya kubeba. Mwambie mama hivyo. Halafu kileleni wengi wetu hatufiki, tunabaki chini tukimsubiri mgeni.

Ticha_wa_Uani
Basi panda Julai na Agosti, Septemba uchukue pre form one. Darasa la saba usiwaguse, huwezi kuwaacha siku 6 kila safari ikitokea. Lakini wazazi waone sura yako mapema, pita uwasalimie kabla hujaenda kubabuka uso huko juu. Hakuna atakayemkabidhi mtoto wake kwa mtu aliyemuona jana.

Mzee_wa_Banda
Ticha umesema. Na wakulipe mwanzo wa mwezi, ndizi baadaye.

Kinda_la_Moshi
Nimempigia mjomba. Ana safari ya siku 5 mwishoni mwa Julai, kanikubalia, na mama atamtuliza yeye mwenyewe maana ni dada yake. Amesema nije na kitambulisho na soksi nzito pea nne. Nani Moshi mjini ana buti namba 43 za kukodisha, asinitajie bei ya mzungu?