Nimechoka kuuziwa rili za uvuvi wa boti na watu ambao hawajawahi kurusha risasi wakiwa wamesimama mchangani

Wakuu, mnisamehe kwa urefu wa uzi huu, ila nisipolitoa leo nitapasuka. Mwenye haraka apite, atarudi akipata nafasi.

Nilikwenda dukani nikaeleza kwa maneno yaliyonyooka: natafuta rili, kile kikunjio cha mshipi kwenye fimbo ya kuvulia, tena ya ngoma, ile ambayo ngoma yenyewe inazunguka mshipi ukitoka, nitasimama ufukweni, nitarusha risasi, kile kizito cha mwisho wa mshipi, ya gramu 150 ivuke pale mawimbi yanapovunjikia. Boti sikuitaja. Kurambaza, kukokota chambo nyuma ya boti, sikukutaja. Muuzaji akaingia ndani, akarudi na chuma kinang'aa, akakitua kwenye kaunta kwa kishindo, akaanza kuhesabu kwa vidole: beringi 7, breki ya samaki kilo 18, ngoma inameza mita 500 za mshipi wa milimita 0.40.

Nikamuuliza, "Inarusha?"

Akanijibu, "Mkuu, hii inavuta papa."

Nani alikuuliza habari za papa?

Halafu akafanya kitu ambacho nikikikumbuka nashikwa na hasira upya. Akaachia ngoma, akaipiga kwa kidole, ikazunguka. Ikazunguka. Ikazunguka wee, mpaka nikaona aibu kuendelea kuitazama. "Umeona inavyoteleza? Hii ukirusha inakwenda yenyewe." Nikaamini. Nikalipa. Nawaambia wazi ili mnicheke mapema tuendelee: nilidhani ngoma inayozunguka muda mrefu ndiyo inayorusha mbali.

Mrusho wa kwanza nilitumia robo ya nguvu, maana si mjinga wa kiasi hicho. Risasi ilikwenda mita ishirini na kitu ikaanza kupungua mwendo, ngoma haikupungua. Mshipi ukafumka kutoka kwenye rili kama povu la sabuni, ukajipindua, ukajifunga chini ya mkono wa rili, kwenye vyuma, kila mahali. Neno matata nalitumia kila siku bila kukumbuka kwamba limetokana na tata, uzi uliojisokota. Siku ile nililiona kwa macho. Nilikaa chini karibu saa nzima nikichomoa kitanzi kimoja kimoja, mwishowe nikakata.

Mrusho wa tatu ndio ulionitisha. Nilitia nguvu, ngoma ikafanya tata risasi ikiwa bado angani, mshipi ukakatika kwa mlio kama mjeledi na risasi ikaenda zake peke yake. Gramu 150 zikiruka kwa mita 40 kwa sekunde ni jouli 120. Mtu akisimama kwenye njia yake hatuzungumzii tena jeraha. Bahati nzuri mbele yangu kulikuwa na maji tu. Na hapo niongeze: yule bwana nilimuuliza kuhusu kipande cha mshipi mnene cha mbele, kile cha kubeba mshtuko wa kurusha, akasema hakina haja kwa mshipi wa 0.40. Hakina haja! Kanuni inayotumika kila mahali ni ratili 10 za nguvu ya mshipi kwa kila aunsi 1 ya risasi. Risasi ya gramu 150 ni aunsi 5 na kidogo, kwa hiyo unafunga kipande cha ratili 55 au 60, kirefu cha kutosha kuzunguka ngoma mara kadhaa na bado kishuke urefu wa fimbo mpaka kwenye risasi. Mshipi mwembamba unatakiwa uanze kazi wakati risasi imeshaondoka.

Nikarudi dukani. Jibu nililopewa: "Dole gumba lako bado changa."

Sasa hapa niseme ukweli, maana najua kuna wazee wa kazi watakuja na hilo hilo. Ni kweli dole gumba ndiyo breki ya kwanza. Risasi inapogusa maji lazima ubane ngoma papo hapo, usipobana umekwisha, hata uwe na rili gani. Hilo silikatai, na dole langu kweli ni changa, lina malengelenge mpaka sasa. Lakini mwanafunzi wa udereva hapewi lori lenye trela kisha akaambiwa tatizo ni mguu wake.

Tatizo ni ngoma. Kwa miezi miwili nimesoma, nimefungua rili yangu na za wenzangu, nimeuliza watu wanaorusha kweli. Ikawa ni jambo dogo tu ambalo muuzaji angeweza kunieleza kwa dakika tano.

Kwenye rili ya spini ngoma imetulia, mshipi unachomoka tu pembeni. Kwenye rili ya ngoma, risasi inavuta mshipi na mshipi unaivuta ngoma izunguke. Piga hesabu mwenyewe. Ngoma iliyojaa yenye kipenyo cha milimita 45 inatoa milimita 141 za mshipi kwa mzunguko mmoja. Risasi ikiondoka kwa mita 40 kwa sekunde, ngoma inatakiwa ifike mizunguko kama 280 kwa sekunde, yaani karibu 17,000 kwa dakika, na itoke kwenye kusimama kabisa mpaka huko kwa kufumba na kufumbua. Baada ya hapo hewa inaanza kuipunguza risasi. Ngoma hewa haiijui. Inaendelea na mwendo wake, inatoa mshipi ambao hakuna anayeuhitaji, na huo mshipi wa ziada ndio tata.

Kwa hiyo ngoma ya kurushia inatakiwa iwe nyepesi na isiwe pana kupita kiasi. Ukaidi wa kitu kinachozunguka, yaani ugumu wa kukianzisha na kukisimamisha, unakua kwa uzito wake, na kwa kipenyo unakua kwa mraba: ongeza kipenyo mara mbili bila kuongeza uzito, ukaidi unakuwa mara nne. Yangu ni chuma kizito, ina mzunguko mkubwa, na ubavuni imebeba sahani ya breki kwa sababu ni ya breki ya wenzo, na katika nyingi za aina hiyo sahani inazunguka pamoja na ngoma. Juu yake nimejaza mita 500 za nailoni. Nailoni ya 0.40 kwa mita 500 ni kama gramu 70. Mimi narusha mita themanini, siku ya neema mia. Zile mita 400 zilizobaki haziendi popote, zinazungushwa bure kila mrusho na kuongeza uzito ambao baadaye lazima usimamishwe na dole langu.

Mmeona sasa ule mchezo wa kidole pale kaunta? Ngoma nzito ndiyo inayozunguka muda mrefu! Gurudumu la jiwe la kusagia nalo ukilianzisha halisimami upesi. Nilionyeshwa kasoro yenyewe, nikaambiwa ndiyo sifa, nikapiga makofi.

Na breki ya kurushia haina. Msichanganye na ile ya samaki. Breki ya samaki inafanya kazi samaki akivuta, ukiwa umeshaiunganisha ngoma na mkono. Wakati wa kurusha ngoma imeachiwa huru, breki hiyo haihusiki hata kidogo. Ya kurushia ni mfumo mwingine kabisa. Kuna vitofali, vipande vidogo vinavyoteleza kwenye vijiti: ngoma ikikimbia vinatupwa nje na kusugua ukingo, ikipungua vinaacha. Kuna sumaku, ambazo hazigusi kitu, zinakaa jirani na ngoma ya alumini na mzunguko wenyewe unazalisha umeme ndani ya alumini unaopinga mwendo. Uzuri wa sumaku ni kwamba unaweza kuzisogeza kwa kitufe cha nje, upepo ukikujia usoni unaongeza, ukiwa nyuma yako unapunguza. Kwenye ngoma ya plastiki hazifanyi chochote, kwa sababu plastiki haipitishi umeme. Hata wanaoshindana kurusha masafa hutumia vitofali au sumaku, wakati mwingine na mafuta mazito kidogo kwenye beringi ili kuituliza ngoma. Yangu ina kifuniko cha pembeni cha kukaza ekseli, basi. Ukikikaza mpaka kizuie tata, risasi inaanguka miguuni pako.

Beringi 7! Zinazoshika ngoma ni mbili. Nyingine zimekaa kwenye mkono na kwenye gia, zinasaidia kuvuta, hazirushi hata sentimita. Nikisikia tena mtu anauza rili kwa idadi ya beringi nitamwomba anionyeshe ya saba inafanya nini risasi ikiwa angani.

Breki kilo 18. Mshipi wanaoupenda watu wa ufukweni ni wa milimita 0.35 hivi, nguvu yake ni kama ratili 15, karibu kilo 7. Breki inawekwa robo mpaka theluthi ya nguvu ya mshipi, kwa hiyo natumia kilo mbili na kidogo. Zile kumi na tano na ushei zilizobaki nimezilipia za nini? Nizichote nikaogee?

Gia nayo. Yangu ni 3 kwa 1, mkono mara moja ngoma mara tatu, maalumu kwa kuvuta mzigo kutoka chini ya boti. Pwani unataka kunyanyua risasi upesi ipite juu ya mawe kabla haijakwama. Gia ya 6 kwa 1 kwenye ile ngoma ya milimita 45 inakurudishia kama sentimita 85 kwa mzunguko mmoja wa mkono. Tena hiyo ni ikiwa imejaa. Mshipi ukiwa nje wote na ngoma imeshuka mpaka milimita 30, inakuwa sentimita 57 tu, na ni wakati huo huo risasi iko mbali na unahitaji kasi. Gia 3 ni nusu ya hapo. Nimeacha risasi kwenye mawe mpaka nimepoteza hesabu.

Kile kifaa cha kupanga mshipi kinachokwenda kushoto na kulia sitakisemea sana. Anayeanza kinamsaidia, kinapunguza masafa kidogo, na mchanga unakipenda. Usipokuwa nacho unapanga kwa dole, unazoea.

Simpondi mtengenezaji, rili yenyewe ni nzima. Kuna rili za boti zenye heshima yake, Penn Senator ipo tangu miaka ya 1930 na watu wametoa nayo samaki wa kutisha. Kila chombo na bahari yake. Lakini ukiuliza warushaji wa ufukweni watakutajia majina mengine: Abu Garcia Ambassadeur 6500, Penn 525 Mag, Daiwa SL20SH. Ukiziweka mkononi unashangaa udogo wake. Mimi ningeonyeshwa mojawapo siku ile ningesema ni ya mtoto, na hapo najilaumu mwenyewe. Nilitaka kitu kikubwa. Muuzaji aliona macho yangu.

Mwenzangu aliniazima ya sumaku, ngoma ndogo ya alumini, mshipi wa 0.35 umejazwa ukaachwa milimita mbili chini ya ukingo, na kipande cha mbele cha ratili 60. Aliniwekea sumaku karibu kabisa, akaniambia rusha kwa ulaini, usipige, sukuma. Mirusho kumi, tata moja, na hilo moja nililisababisha mwenyewe kwa kuchelewa kubana. Dole lile lile changa, wakuu! Jioni ile ile nilikuwa nasogeza sumaku nyuma kidogo kidogo kama mtu anayepima chumvi.

NYONGEZA: Nimesoma majibu. Anayeuliza kama mshipi wa kusuka ungeniokoa: hapana. Ni mwembamba, unazama kwenye mizunguko ya chini ukivutwa kwa nguvu, mrusho unaofuata unakwama ghafla, na dole utalikata. Kwa anayejifunza rili ya ngoma, nailoni. Mwingine ananiambia nifunge ngoma ya plastiki kupunguza uzito. Nailoni ikivutwa kwa nguvu na kupangwa tabaka juu ya tabaka inabana mpaka ngoma za plastiki zinapasuka, hilo limewakuta wengi, usinitafutie balaa la pili. Na wewe unayesema nilipaswa kufanya utafiti kabla ya kununua, nilikwenda kumuuliza mtu ambaye kazi yake ni kuuza rili. Utafiti wangu ulikuwa yeye.

Rili ipo, nimeisafisha chumvi, nimeilegeza breki, imekaa kwenye boksi lake. Mwenye boti aniandikie faraghani. Nitamwambia kila kitu: inavuta papa, hairushi.