Vipimo vyote safi, lakini hali hii haiishi. Ni seli za masti?

Haieleweki: Habarini wakuu. Nina hali inayokuja na kuondoka. Nikioga maji ya moto, au nikipanda ngazi haraka, uso na kifua vinawaka joto. Ngozi yangu ni nyeusi, wekundu hauonekani, kwa hiyo nikisema "nawaka" naonekana natunga. Kisha moyo unakwenda mbio, tumbo linanyonga, naharisha, na nikisimama dunia inazunguka. Saa moja, mbili, yamekwisha. Kesho yake nikifika kwa daktari ni mzima kabisa! Damu, moyo, tezi ya shingoni, vyote safi. Nimeambiwa ni wasiwasi. Wasiwasi ninao, ila ulikuja baada ya ugonjwa. Nimesoma kuhusu seli za masti, na dalili zangu zote zimo. Ndiyo yenyewe?

Mpimaji: Pole sana. Nafanya kazi maabara, si daktari. Hapo uliposema zote zimo ndipo penye mtego. Seli hizi ni za kinga ya mwili, zipo kwenye ngozi, utumbo na njia za hewa, na zikimwaga histamini na kemikali wenzake, dalili hazihesabiki. Kila mgonjwa atajiona humo. Madaktari hutafuta mambo matatu kwa pamoja: vipindi vinavyogusa zaidi ya sehemu moja ya mwili, kemikali kupanda wakati wa kipindi chenyewe, na nafuu ya kweli kwa dawa za kuzuia seli hizi au kemikali zake.

Tatizo lako ni hilo la "kesho yake". Kuna kipimo cha damu cha triptasi, kemikali inayomwagwa na seli hizi. Ikipanda, hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi, kwa hiyo ya kesho haikusaidii. Damu itolewe kati ya dakika 30 na saa 2 tangu hali ianze, ikichelewa sana saa 4. Itolewe tena ukiwa mzima, angalau saa 24 baada ya dalili kuisha. Chukua namba ya siku njema (nanogramu kwa mililita), ongeza asilimia 20, kisha ongeza 2. Ukiwa na 5 siku njema, ya kipindi ifike 8. Na hiyo 8 ikija peke yake, fomu itaandikwa "kawaida" na utarudishwa nyumbani! Omba karatasi ya maombi mapema, ukae nayo.

Bibi Mdogo: Naongezea. Ya siku njema ikizidi 20, au ukiwa na madoa ya kahawia yanayovimba ukiyasugua, waulize kuhusu mastositosisi, yaani seli za masti kuzidi mwilini; huko kuna kipimo cha jeni ya KIT na cha uboho. Ikiwa 8 au zaidi kila siku, huenda ni ya kurithi tu, wapo wengi. Waulize pia kuhusu uvimbe wa tezi zilizo juu ya figo, nao huleta moyo mbio. Na siku ukibanwa pumzi au ukizimia, usisubiri kidonge wala kipimo. Hiyo ni sindano ya adrenalini pajani na hospitali mbio.

Haieleweki: Asanteni mno, mwenzenu nilikuwa gizani. Swali moja: natumia setirizini, kidonge cha mzio, kila usiku. Niache kabla ya kutoa damu?

Mpimaji: Kwa triptasi, hapana. Setirizini huzuia histamini isifanye kazi, haishushi triptasi. Wanaoambiwa waache ni wa kipimo cha mzio cha kuchomwa ngozini.