Naomba ushauri: bakteria wa mkononi wanaweza kumtaja mwizi? Pamba ninazo, ziko kwenye friza

MamaDagaa_Kibirizi (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Niko Kigoma mjini, nina kibanda cha dagaa na mawese Kibirizi, karibu kabisa na mwalo. Naomba mnisome mpaka mwisho ndipo mnitukane.

Jumamosi iliyopita asubuhi nimefika kibandani, mlango umefungwa vizuri, kufuli zima. Naingia, droo ya meza iko wazi, hela hakuna. 2,340,000. Kikokotoo changu ambacho huwa nakiacha juu ya daftari nimekikuta kifudifudi chini ya meza, na vitufe vya 2, 5 na kile cha kujumlisha vina mafuta mekundu ya mawese. Maana yake mtu alikaa kwenye kiti changu, akahesabu hela taratibu, tena akajumlisha asije akajipunja.

Mtoto wa dada yangu yuko chuo. Ameniambia huko Marekani wamegundua kila mtu ana bakteria wake wa ngozi, ukishika kitu unawaacha pale, na wanaweza kulinganishwa na walioko mkononi mwako. Nikachukua pamba za masikio, nikazilowesha maji yaliyochemshwa, nikasugua vitufe vyote na mpini wa droo. Nimeziweka kwenye bahasha, ziko kwenye friza chini ya migebuka.

Swali langu ni moja tu: hapa Tanzania nazipeleka wapi, na wanachukua shilingi ngapi? Nisaidieni, usingizi sina.

Mwisho wa Reli

Navuta kiti. Chini ya migebuka? Majibu yakitoka mtamkamata samaki.

Bint Ujiji

Pole dada. Sisi huku Ujiji mambo ya bakteria hatuna, tuna albadiri. Mwaka juzi kwenye arusi ya binamu yangu simu ya mama ilipotea. Mjomba akasimama baada ya Isha akatangaza: alfajiri kinasomwa kisomo, mwenye kurudisha arudishe. Hata adhana haijaadhiniwa, simu zimeshawekwa kizingitini. Nasema *zimewekwa* kwa sababu iliyopotea ilikuwa moja, zikarudi mbili. Hiyo ya pili mpaka leo mwenyewe hajulikani, anaitumia kaka yangu.

Mzee wa Kasulu

Albadiri si mchezo wa watoto, Bint Ujiji, humgeukia hata aliyeisomesha. Na wewe mwanangu wa Kibirizi, kulaza milioni mbili kwenye droo ya mbao umejifunza wapi? Mawakala wa simu wamejaa kila kona. Mimi nimefanya biashara ya maharage miaka thelathini, hela yangu haijawahi kulala mahali ambapo mimi silali.

Mwisho wa Reli

Mzee umelala na hela miaka thelathini, bibi alikuwa analala wapi?

Mtu wa Maabara

Niko maabara ya hospitali hapa Tabora. Kazi yangu ni damu, mkojo na choo, ila hili jambo nimelisoma kwa kulipenda tu. Dada, mpwa wako hajakudanganya.

Mwaka 2008 watafiti walipima viganja vya wanafunzi 51 wa Chuo Kikuu cha Colorado. Kiganja kimoja kilikuwa na aina zipatazo 150 za bakteria, na ukichukua watu wawili, aina walizo nazo wote wawili ni kama asilimia 13 tu. Hata mkono wako wa kulia na wa kushoto haufanani, ni asilimia 17. Mwaka 2010 watafiti Noah Fierer, Rob Knight na wenzao wakaenda mbele: wakasugua vitufe vya kompyuta za watu watatu kwa pamba zilizoloweshwa, kama ulivyofanya wewe, wakakuta bakteria wa kila kibodi wanafanana na wa vidole vya mwenyewe. Wakachukua na mausi 9, wakazilinganisha na mikono ya mwenyewe na mikono mingine 270 ya watu ambao hawakuzigusa. Mwenyewe ndiye aliyekaribia zaidi. Kitu kikikaa wiki mbili kwenye joto la chumbani bado alama hiyo inasomeka. Hata mapacha wa kufanana hawalingani.

Sasa upande wa pili, na hapa naomba ukae chini.

Kibodi zile zilikuwa na mtu mmoja mmoja. Kikokotoo chako kimeshikwa na wewe, wateja, labda na watoto. Wanachosoma pale ni kundi zima la bakteria, kwa kupitia kipande cha jeni kinachoitwa 16S. Ukichanganya mikono sita unapata uji. Na mahakamani jambo hili bado ni la watafiti, sijasikia mwizi aliyefungwa hapa kwetu kwa bakteria wa kiganja. Mkemia Mkuu wa Serikali anapima vinasaba vya mtu, na hapokei mama aliyekuja na bahasha yake kutoka nyumbani. Maombi hupita polisi, mahakamani, kwa wakili au ustawi wa jamii.

Na la mwisho linaniuma kukuambia. Vitufe vilikuwa na mafuta ya mawese. Kidole chenye mafuta kwenye plastiki huacha alama ya kidole nzuri sana, na hiyo polisi wanaijua, mahakama inaijua, zaidi ya miaka mia inatumika. Umeisugua kwa pamba.

Fundi Kufuli

😳😳

Mwisho wa Reli

Dada amefanya usafi kwenye eneo la tukio.

MamaDagaa_Kibirizi

Jamani mimi ningejuaje? Mafuta mkononi Kigoma nani hana? Hata mimi ninayo sasa hivi. Na pamba sikuisugua kwa nguvu, niliipitisha tu. Mtu wa Maabara, kama kuna mtu mmoja tu ninayemlinganisha naye, si itakuwa rahisi?

Fundi Kufuli

Ngoja kwanza. Mimi kazi yangu ni kufuli. Mlango haujavunjwa, kufuli zima. Funguo ziko ngapi? Na RB ya polisi, ile namba ya kuripoti wizi, umechukua?

MamaDagaa_Kibirizi

Funguo ni mbili. Mmoja ninao mimi, wa akiba uko nyumbani. Naomba tujadili kipimo.

Fundi Kufuli

Nyumbani kwa nani? Na RB?

MamaDagaa_Kibirizi

Haya. Nyumbani kwangu, unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Tunakaa mimi, mume wangu, watoto wawili na shemeji yangu, mdogo wake mume. Amekuja tangu Machi kutafuta kazi, kazi hajapata, ila wiki hii amenunua viatu.

Na kabla hamjaanza: ndiyo, usiku alipolala nimepitisha pamba kwenye simu yake, kava na kioo, nikaweka bahasha ya peke yake na jina lake juu. Sikumuibia kitu. Tena simu yenyewe ilikuwa inachajiwa kwa umeme wangu.

Bint Ujiji

Kwa hiyo kisa ni viatu?

Asali ya Sikonge

Shemeji hapo ameshahukumiwa, kilichobaki ni risiti. Mimi nilishawahi kusingiziwa debe mbili za asali na mke wa kaka yangu. Nimehama ile nyumba, nikaja kuambiwa miezi minne baadaye zilikuwa stoo kwa jirani. Hakuna aliyeniomba msamaha mpaka leo. Asali yenyewe walikula.

Mtu wa Maabara

Dada, hapo kwenye "nyumba moja" ndipo kipimo kinapokufa kabisa. Mwaka 2014 kuna utafiti ulifuata familia 7 za Marekani kwa wiki sita, wakisugua mikono, miguu, pua, swichi, vitasa na sakafu. Nyumba inabeba bakteria wa wanaoishi humo, na wanaoishi pamoja wanaambukizana hao bakteria. Familia iliyohama, nyumba mpya ilifanana nayo baada ya siku chache tu. Wewe na shemeji mnashika kitasa kimoja, kata moja ya maji, rimoti moja. Unaporudi kibandani unawabeba wa kwake mkononi mwako bila yeye kufika.

Tena hata angekuwa amefika. Hajawahi kukusaidia kuuza? Bakteria hawasemi alishika lini, wala hawasemi alishika akafanya nini.

Na kumpima mtu usiku bila yeye kujua, waulize wanasheria. Kuna Sheria ya Udhibiti wa Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, mambo ya ridhaa siyo ya kuchezea.

MamaDagaa_Kibirizi

Amewahi kukaa kibandani mara mbili tatu nikienda msalani. Lakini sivyo hivyo. Mimi najua moyoni. Nilitaka tu kitu cha kumwonyesha mume wangu maana ndugu yake hasemwi. Hela ile ni ya mauzo ya dagaa wa Ijumaa, jasho langu.

Kijana wa Gungu

Samahani wakuu, mimi nimenyamaza tangu juzi nikisoma. HII NI CHAI. Tena chai ya rangi bila sukari.

Mama anasema hela ni ya mauzo ya dagaa wa Ijumaa. Mimi naenda ziwani. Ijumaa ile mwezi ulikuwa mzima kama sinia, mbalamwezi tupu. Dagaa wanavuliwa giza, taa ziwavute. Mwezi ukiwa vile taa haifanyi kitu, mitumbwi yote iko mchangani tunashona nyavu na kucheza bao. Kibirizi nzima wiki ile hapakuwa na dagaa mbichi wa kujaza ndoo, yeye ameuza wa milioni mbili na laki tatu?

Huyu ni mwanachuo ana kazi ya darasani kuhusu bakteria, ametafuta namna ya kufanyiwa na Mtu wa Maabara bure. Na "mpwa aliyeko chuo" ni yeye mwenyewe.

Mwisho wa Reli

Duh. Mwezi umetoa ushahidi.

Asali ya Sikonge

Mimi nimeshatoa machozi yangu ya asali halafu mnaniambia chai.

Mtu wa Maabara

Kama ni kazi ya darasani naomba walau nipewe nusu ya maksi.

Fundi Kufuli

Na RB hajajibu. Mara mbili nimeuliza.

MamaDagaa_Kibirizi

Mimi si mwanachuo. Nimeishia darasa la saba na dagaa zangu zimesomesha watu.

Kijana wa Gungu umesema kweli, dagaa hawakuwepo. Hela haikuwa ya mauzo. Ilikuwa ya kikoba. Mimi ni mweka hazina. Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo wanashika akina mama watatu tofauti, humo haitoki hata mia. Lakini Jumapili ya kabla yake marejesho yalikuwa mengi, tukakubaliana yasilale sandukuni, nikayaweke benki Jumatatu. Sikuyaweka. Nilijua mwezi ukiisha giza likirudi dagaa watashuka bei siku za kwanza, ninunue, nianike, Wakongo wakija niwauzie, nirudishe hela yao yote kabla ya mkutano na faida ibaki kwangu. Wiki mbili tu. Sikuiba. Ilikuwa inakaa.

Ndiyo maana sina RB. Polisi wataniuliza hela ya nani.

Mzee wa Kasulu

Amana. Mwanangu, hiyo ni amana. Hata ingerudi na faida yake.

Bint Ujiji

Sasa ndiyo naelewa kwa nini hakutaka albadiri. Ingeanza naye 😂

Samahani dada. Pole.

Kijana wa Gungu

Bado nasema chai, ila sasa imewekwa tangawizi.

Fundi Kufuli

Mimi nimeacha mambo ya chai, nina swali la ufundi. Mwizi hakupekua. Hujasema magunia yamemwagwa, hujasema madumu ya mawese yameguswa. Alikwenda kwenye droo moja kwa moja, akakaa, akahesabu. Alijua hela ipo. Kama kikoba kinaamini iko benki, nani alikuwa anajua iko kwenye droo?

MamaDagaa_Kibirizi

Hakuna. Shemeji hajui mambo ya kikoba. Nilimwambia mume wangu tu, Alhamisi usiku, kumwomba ushauri.

Fundi Kufuli

Mume wako yuko wapi sasa hivi?

MamaDagaa_Kibirizi

Uvinza, amefuata chumvi. Ameondoka Ijumaa.

Mwisho wa Reli

Ijumaa ipi?

Asali ya Sikonge

Wakuu mwacheni apumue.

Kijana wa Gungu

Chumvi ya kununua kwa mtaji upi? Naomba jibu la hilo halafu nifute neno chai.

Mtu wa Maabara

Dada, hata pamba zako zingepimwa na Fierer mwenyewe, humo kuna wewe, mume, shemeji na watoto. Toa hizo bahasha kwenye friza. Halafu kamwambie mwenyekiti wako wewe mwenyewe kabla ya mkutano, mdomo kwa mdomo, kabla hajasikia kwa mtu. Deni linaweza kupangiwa marejesho. Na mvulana wa watu muache na viatu vyake.

MamaDagaa_Kibirizi

Nimechelewa kwenye friza. Leo mchana shemeji ameenda kutoa migebuka akaikuta bahasha yenye jina lake. Amekuja nayo mpaka kibandani, jasho linamtoka, amenyoosha mkono akiwa ameishika kwa ncha ya vidole. Anauliza, "Shemeji, mmenifanyia nini?" Amedhani ni uchawi.

Nimemwambia ni dawa ya masikio.

Amekaa kwenye gunia akanyamaza. Halafu ananiambia kaka yake alimpa hela ya viatu Ijumaa jioni, akamwambia asiniambie nisije nikasema wanatumia vibaya. Simu ya mume wangu inaita, haipokelewi. Kwa mwenyekiti naenda kesho asubuhi. Leo miguu haina nguvu.

Bint Ujiji

Ya Rabi. Dada nenda na mtu, usiende peke yako. Mimi niko hapa Ujiji, nitumie ujumbe faragha.

Fundi Kufuli

Na ubadilishe kufuli leo leo. Sikutozi.

Kijana wa Gungu

Neno chai nimelifuta. Pole mama.

Mfanyabiashara_Tbr

Habari wakuu, nimechelewa kuuona uzi. Giza likirudi dagaa wakavu hapo Kibirizi gunia litakuwa bei gani? Nataka magunia manne ya kuleta Tabora.