Mrejesho: Mama mkwe niliyeshindwa kumpenda

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mwezi wa pili niliomba ushauri juu ya mama mkwe wangu, aliyehamia kwetu baada ya kupooza upande wa kulia. Kila nikipika, anasema nataka kumwua kwa chumvi. Wengi mliniambia nivumilie. Dada mmoja alisema nisingoje kwanza moyo uwe mwepesi, maana Warumi 12:20 inasema tu adui yako akiwa na njaa, mlishe.

Nikaanza na kucha. Mkono wake wa kulia hauna nguvu, hivyo za kushoto hawezi kuzikata, na miezi yote ile sikuwa nimeona! Zilikuwa zimejikunja. Nikaleta beseni la maji ya vuguvugu, nikamlowekea vidole. Alinyamaza muda wote, kisha akasema, "Hata binti yangu hajawahi." Nikaenda kulia jikoni.

Matusi hayajaisha. Wiki iliyopita alinitukana mbele ya wageni. Safari hii nilimwambia, "Mama, hilo silipokei," nikatoka nje. Nilidhani huruma ni kumeza kila neno, mpaka mchungaji aliponisomea Yohana 18:23: Yesu alipopigwa kofi aliuliza, "Wanipigia nini?" Nimeusoma mstari huo mara nyingi tangu siku hiyo.

Mume wangu sasa ndiye anayemlisha jioni, nami napumzika kidogo. Kucha ni kila Jumamosi. Jana alinyoosha mkono kabla sijaleta beseni.