Usalama wa abiria ndani ya ndege: viti, vizuia moto au taa za sakafuni?

Msafiri_Mdadisi
Wakuu, kila tukigusa usalama wa ndege watu hukimbilia injini na marubani. Leo tulinganishe yaliyobadilika ndani, pale abiria anapokaa. Ukiambiwa uchague moja tu kati ya viti imara, sponji na kuta zinazochelewa kuwaka, na taa za sakafuni za kuonyesha njia, unabaki na ipi?

fundi_anga
Vizuia moto, bila kupepesa macho. Manchester, Agosti 1985: ndege ya British Airtours ilikuwa bado inakimbia kwenye njia ya kurukia, injini ikapasuka na kutoboa tangi la mafuta. Haikuruka, haikugonga kitu, ikasimama. Wakafa watu 55, wengi wao kwa moshi wa sumu. Sponji za viti enzi zile zikiwaka zilitoa hewa ambayo pumzi chache tu zinakulaza. Marekani ilikuwa imeshaamuru mwaka 1984 sponji zifunikwe kwa kitambaa cha kuzuia moto, ila mashirika yalipewa miaka mitatu kutekeleza.

Jingine la siku ile: mlango wa dharura juu ya bawa uliangukia ndani, ukamlalia abiria aliyejaribu kuufungua. Kwenye Boeing 737 za sasa mlango huo una bawaba, unafunguka kwenda nje na juu.

Bi_Njiapanda
Fundi, sikubishii moto, lakini moshi ukijaa huoni hata kiganja chako. Taa za darini zinafaa nini wakati moshi wote uko juu? Mwaka 1983 ndege aina ya DC-9 ya Air Canada ilitua Cincinnati, Marekani, ikiwa inaungua kuanzia chooni. Wahudumu waligawa taulo zenye maji watu wajizibe pua. Ilitua vizuri, milango ikafunguliwa, na hewa safi iliyoingia ikauchochea moto. Ndani ya dakika moja na nusu hivi chumba kizima cha abiria kikalipuka moto. Walikuwemo 46, wakatoka 23. Baada ya hapo ndipo taa za sakafuni na vitambua moshi vya chooni vikawa lazima. Mimi nabaki na taa.

Kiti_14C
Mnazungumzia watu wa kutembea kufuata taa. Je, aliyevunjika miguu? Viti vya zamani vilipimwa kwa 9g, yaani kuhimili mara tisa ya uzito. Tangu 1988 miundo mipya ya ndege inadaiwa 16g, na hujaribiwa kwa kugongeshwa kukiwa na mwanasesere kitini. San Francisco, 2013, ndege ya Asiana iligonga ukuta wa bahari, mkia ukakatika, ikazunguka. Watu 307, wakafa watatu, na wawili kati yao hawakuwa wamefunga mkanda. Kiti cha 16g bila mkanda ni stuli tu.

fundi_anga
Hoja nzito hiyo. Ila tazama uwanja wa Haneda, Tokyo, Januari 2024. Airbus A350 ya Japan Airlines iligongana na ndege ya walinzi wa pwani, na watano kati ya sita waliokuwa kwenye ile ndogo wakafa. Kwenye A350 walitoka wote 379 kwa milango mitatu kati ya minane. Mitambo ya matangazo ilikufa, wahudumu wakatumia vipaza sauti vya mkononi. Kanuni inataka watu wote waweze kutoka ndegeni ndani ya sekunde 90, lakini hapo hadi rubani mkuu anatoka wa mwisho zilikuwa zimepita kama dakika 18. Nani aliwapa muda huo kama si kuta na viti vilivyogoma kuwaka haraka?

Bi_Njiapanda
Na waliacha mabegi! Hilo nalo lihesabiwe. Siku hizi kila video ya watu wanaoteleza kutoka ndegeni ina mtu amekumbatia sanduku.

Msafiri_Mdadisi
Swali dogo: sigara zimepigwa marufuku, mbona vyoo bado vina kisahani cha majivu?

fundi_anga
Ni sharti la kisheria. Mwaka 1973 ndege ya Varig iliungua karibu na Orly, Paris, kwa moto ulioanzia chooni, wakafa 123. Ilidhaniwa ni sigara iliyotupwa kwenye pipa la karatasi. Mkaidi wa kuvuta kwa siri hakosekani, na akishtukia mlango unagongwa, kishungi kiende kwenye chuma, kisiende kwenye karatasi. Kisahani kikivunjika, kina muda maalumu wa kurekebishwa.